Bwana Mshangama na Sindano ya Pepopunda

Bwana Mshangama, tajiri ambaye tumbo lake hutangulia kuingia mlangoni, alikanyaga msumari, akapelekwa zahanati. Alipoiona sindano aling'aka: "We muuguzi, nikisikia uchungu, kesho kazi huna!"

Bi Kidawa, muuguzi mwenyewe, alijua hatanii. "Haya bwana, geuka. Hivi ile pilau ya harusi ya binti yako, mbona watu wanasema ilikuwa na kiini, haikuiva?"

"Kiini? Nani kasema? Mpishi nilimtoa Pemba!"

"Na eti ilinuka moshi."

"Moshi! Wazushi wakubwa! Mbona walilamba mpaka masinia?" Alifoka hadi jasho likamtiririka, kisha akakumbuka kilichomleta. "Haya, choma basi, tuone!"

"Nilishachoma, bwana, pale kwenye moshi. Pandisha suruali."