Kwa Nini Ukumbi wa Kwemvumo Hauna Mlango

Mnaokwenda arusini Kwemvumo huuliza kila mara: mbona ukumbi mzuri vile, wenye kuta za mawe na dari ya mbao, umeachwa wazi mbele kama pango? Basi tegeni masikio. Zamani ukumbi ule ulikuwa na mlango, tena mlango ambao watu walishuka milima ya mbali kuja kuutazama.

Ulikuwa wa mvule, mbao mbili pana, ndefu kuliko mtu aliyebebwa mabegani mwa mwenzake. Aliuchonga fundi Shemboza, akachora juu yake alama za koo zote zilizobeba mawe ya kujengea. Alipofariki, watu wa mji walimkabidhi ufunguo binti yake, Nakijwa. Kila alipoupaka mlango mafuta, Nakijwa alipitisha vidole kwenye michoro ile taratibu, kana kwamba ameshika mkono wa babake.

Enzi hizo ukumbi haukukodishwa. Watu waliingia kwa misiba, arusi na mashauri yao, wakatoka. Lakini paa lilipoanza kuvuja, wazee wakakubaliana wenye shughuli wakodishiwe, ili paa lipate kuezekwa upya. Wa kwanza kuja walikuwa watu wa kampuni ya chai, waliotaka kusherehekea mavuno. Meneja wao, Bwana Hozza, alikuwa na sharti moja.

"Bi Nakijwa, wageni wangu ni wa kadi. Asiye na kadi asiingie. Mlango ufungwe."

Nakijwa alisita. Mlango ule haukuwahi kufungwa mbele ya wenyeji. Akainua macho, akaona madoa ya maji darini, akaitikia.

Siku ya sherehe mvua ilinyesha tangu alfajiri. Ndani vyombo viligongana na muziki ukavuma. Nje, mto Luvumo ulikuwa ukipanda. Alasiri ulilisomba daraja la miti, na watu wa Bondeni, ambao maji yalikwisha kuingia majumbani mwao, wakakwama ng'ambo. Nakijwa, aliyesimama nyuma ya mlango na ufunguo wake, akasikia mayowe.

"Tunakufa! Tunakufa, jamani!"

Hakumwuliza mtu. Akafungua.

Muziki ukakatika. Bwana Hozza akatoka mbio mpaka ukingoni, na wenyeji waliosikia mayowe wakawa wanamiminika kutoka kila kichochoro. Pale mto ulipobanwa na majabali mawili, maji mekundu yalinguruma hata ardhi ikatikisika. Ng'ambo, watu walikuwa wamesongamana juu ya jabali, watoto shingoni.

"Tupate mbao ndefu!" Hozza akapaza sauti. "Bi Nakijwa, hapa kuna mbao ndefu?"

Kila mwenyeji alijua mbao ziliko, na hakuna aliyethubutu kuzitaja. Nakijwa alirudi mlangoni, akaweka kiganja juu ya alama ya ukoo wake.

"Baba, niwie radhi," akasema. Kisha akawageukia watu. "Ung'oeni."

Waliokuwa wamevaa suti wakavua viatu. Waliokuwa nje na waliokuwa ndani wakatia mabega pamoja, wakaubeba mlango kama jeneza la mfalme, wakazilaza mbao juu ya majabali. Watu wa Bondeni wakavuka wakitambaa, mmoja nyuma ya mwingine. Wa mwisho alikuwa mama mmoja aitwaye Kaniki, na kichanga kimefungwa kifuani. Unyayo wake ulipogusa mwamba wa huku, Luvumo ukainuka, ukazisimamisha mbao zote mbili wima katikati ya maji, alama za koo zikiwatazama watu. Kisha ukazichukua. Bwana Hozza akavua kofia, mvua ikimnyeshea kichwani.

Ndani ya ukumbi waliketi wote: wenyeji, watu wa Bondeni, wageni wa kadi, hata mbuzi waliookolewa. Walikula chungu kimoja. Nakijwa, aliyeujua ukumbi ule tangu utotoni, alizunguka akishangaa, maana kila alipodhani umejaa, watu walisogea na mwingine akapata pa kukaa.

Maji yalipopungua, kampuni ilileta mafundi na mbao mpya. Nakijwa akawashukuru, akawazuia.

"Baba alichonga mlango ili watu waingie," alisema. "Wameingia wote. Kazi yake imekwisha."

Kwa mbao zile mpya paa likaezekwa.

Na tangu siku hiyo, yeyote anayekodi ukumbi wa Kwemvumo, awe bwana arusi au kampuni kubwa ya mjini, huambiwa mapema: viti vinakodishwa, jukwaa linakodishwa, jiko linakodishwa, njia ya kuingilia haikodishwi. Kwa hiyo mkiwa pale mnakula pilau, na mtu msiyemjua akaja kuketi kando yenu na tope miguuni, msimwulize kadi. Msogezeeni sinia.