Zimwi Mlangoni pa Kanisa

Sogeeni niwape kisa, lakini mkitetemeka msinilaumu.

Jumapili moja zimwi liliziba mlango wa kanisa. Waumini wakapiga mayowe. Katekista wao, Fulgensi, akajitokeza kifua mbele. "Niachieni mimi!"

Akasali rozari kwa sauti kubwa, jicho kwa watu, zimwi likakua. Akaimba litania ya watakatifu wote, likafika paani. Akamwaga Kilatini, likaupita mnara wa kengele! Fulgensi akaishiwa maneno, akaanguka kifudifudi.

"Bwana, mimi siwezi. Nisaidie."

Loo! Zimwi likanywea papo hapo, likawa dogo kama panzi. Fulgensi akaliinamia, akashtuka: lilikuwa na uso wake mwenyewe!

Akawageukia waumini. "Mmeona nilivyojinyenyekeza?"

Wote walikuwa wakitazama nyuma yake, juu, juu kabisa.