Mawe Meupe ya Bibi Nakijwa

Paukwa!

Pakawa!

Itikieni vizuri, hii si hadithi ya kuchekea. Paukwa!

Pakawa!

Hapo zamani za kale, juu milimani, palikuwa na kijiji chenye ndiva moja. Ndiva ni bwawa la kukinga maji ya kijito. Likijaa linafunguliwa, maji yanashuka mferejini hadi mashambani. Kijiji kizima kilikunywa humo.

Hapo aliishi Bibi Nakijwa, mwonja maji. Kila masika alipanda kwenye chemchemi, akachota kwa kiganja, akaonja, akatema. Tfu! Akakwambia maji yale yamepita kwenye jiwe gani.

Mwaka mmoja Jumbe Mruma akataka ukuta mpya wa ndiva. Watu wakapasua mwamba wa bondeni. Ko! Ko! Ko! Ndani yakatoka mawe yanayometameta manjano, mazuri ajabu.

Bibi Nakijwa akaokota kipande, akakilamba.

"Jumbe, mwanangu, yarudisheni udongoni. Yakifunikwa hayana neno. Yakipata hewa na mvua yanaoza, na ukali wake utaingia majini."

"Bibi, tangu lini jiwe likaoza?"

Watu wakacheka. Na nyinyi mnaocheka hapo, mngecheka vilevile.

Ukuta ukasimama. Mbuzi akachinjwa juu yake, na kwa desturi yao ukuta ulioonja damu haubomolewi mpaka waliochinja wote wamekufa.

Mvua ikaja. Tiriri, tiriri, tiriri. Mwaka wa kwanza maji yakawa makali kama ndimu. Mwaka wa pili mfereji ukawa mwekundu, maharage yakanyauka, watoto wakaumwa matumbo. Nambike, mjukuu wa Jumbe, akafa.

"Bomoeni," Bibi akasema.

"Mbuzi ameshachinjwa, Bibi," Jumbe akajibu huku analia. "Tukigusa ukuta tutamalizika."

Basi Bibi akachukua tenga lake. Akavuka vilima, akarudi na mawe meupe, akayatupa mferejini. Chubwi! Chubwi! Maji yakapita juu yake, ukali ukapungua. Lakini mawe yalivaa utando mwekundu, yakaishiwa nguvu. Ikabidi alete mengine. Leo tenga, kesho tenga. Mgongo ukapinda. Nasema kwa uchungu: hakuna aliyempokea mzigo. Walikunywa maji mazuri wakasema, "Mnaona? Ukuta hauna ubaya."

"Njooni niwaonyeshe mawe haya yanapotoka," aliwaambia.

"Kesho, Bibi."

Kesho, kesho, kesho.

Siku moja wakamkuta njiani, amelala kifudifudi, tenga mgongoni. Wakamlia sana, wakamzika. Hata kabla masika hayajaisha, mfereji ukawa mwekundu tena.

Jumbe akabeba tenga mwenyewe. Akavuka vilima. Lo! Mawe meupe yalikuwa kila mahali: meupe ya kung'aa, meupe ya kijivu, meupe ya vumbi. Akaleta haya. Chubwi! Maji yakabaki makali. Akaleta yale. Chubwi! Makali. Kijiji kizima kikatoka na matenga, wanaume kwa wanawake, wakabeba mpaka mabega yakachubuka. Chubwi, chubwi, chubwi! Makali.

Wakafunga mizigo, nyumba moja moja, wakashuka tambarare. Wa mwisho kuondoka alikuwa Jumbe, na hata yeye hakujua ni jiwe lipi.

Wanangu, anayewabebea mzigo mfuateni angali anatembea, mjue anakoutoa. Hadithi yangu imekomea hapo, na mimi sina raha nayo.