Mkoba wa Chatu wa Bi Shekha

Sogeeni hapa, wajukuu, na anayetafuna muwa ateme kwanza, nisikike.

Bi Shekha, tajiri wa mtaa wetu, alitaka kwenda Maskati na mkoba wake wa ngozi ya chatu, wenye kufuli dogo la dhahabu. Kibali cha kusafirisha ngozi ya mnyama pori hakuwa nacho, na kupanga foleni ya kukiomba aliona ni kazi ya wanyonge. Akamwita mpishi wake, Siwatu.

"Ijumaa tunasafiri. Mkoba utaubeba wewe. Ukiulizwa, sema ni wako."

"Wakinifunga je, Bibi?"

"Nitatafuta mpishi mwingine."

Siwatu akainamisha kichwa. "Basi nipe nikaung'arishe kwa fundi, usije ukatutia aibu." Akakaa nao siku nne.

Kwenye uwanja wa ndege, afisa akaunyanyua mkoba. "Chatu huyu wa nani?"

"Wangu, mwanangu," akajibu Siwatu.

Afisa akaitazama kanga yake iliyopauka, akamgeukia Bi Shekha. "Mama, huu si wako kweli?"

"Mimi? Naapa sijapata kuuona."

"Umemsikia, mwanangu," akasema Siwatu. Akafungua pindo la kanga, akatoa kibali cha wanyamapori chenye mhuri, picha ya mkoba na jina lake mwenyewe.

Ndani ya ndege Bi Shekha akamnong'oneza, "Siku nne zile ulikuwa kwa fundi gani, wewe?"

"Kwenye foleni, Bibi. Uliniambia niseme ni wangu, nami nikaanza mapema."

Mkoba aliurithi bintiye Siwatu, na sasa anao mjukuu wake. Watoto wa Bi Shekha walirithi ufunguo wa lile kufuli.