Majani ya Jumamosi

Hapo zamani, ila siyo ile zamani ya wanyama kuongea, ni zamani ya juzijuzi lami ikiwa bado inanuka upya, palikuwa na kijiji kinaitwa Kiriwa. Kiriwa kiko mlimani. Chini kuna mji wa Njiapanda, ndiko kwenye hospitali. Juu zaidi, ukishapita Kiriwa, kuna chemchemi ya Kivumo, maji ya moto yanatoka chini ya mwamba. Na barabara ni hiyo hiyo moja, nyembamba. Ukiwa unapanda, kushoto kwako mtaro na ukuta wa mlima, kulia kwako korongo.

Katikati ya wiki barabara ile inalala. Unaweza ukaanika mahindi juu ya lami na ukaenda zako. Ila Jumamosi, aisee! Watu wa mjini wanapanda na magari yao, mkaa kwenye buti, mbuzi keshachunwa, watoto wamevalishwa maboya tangu sebuleni. Wote Kivumo, kuogelea na kupiga picha. Na kila Jumamosi, wakifika Kiriwa, pale Kona ya Mkonge, wanakuta majani.

Si unajua majani barabarani maana yake nini. Gari likiharibika, dereva anakata matawi, anayatupa nyuma ya gari, hapa moja, pale lingine, ili anayekuja apunguze mwendo. Nchi hii mtu anaweza akapuuza kibao cha serikali, lakini majani hayapuuzi. Ukiyaona, mguu unaenda kwenye breki wenyewe.

Basi wanakuta majani, na pembeni kasimama kijana wa bodaboda anaitwa Kirita, anapunga kitambaa chekundu.

"Simama hapo bosi! Lori limekata ekseli mbele!"

Wanasimama. Wa nyuma wanasimama. Foleni inashuka mlima mpaka mwisho wake huuoni. Wenye haraka wanaacha magari na madereva, Kirita na wenzake wanawapandisha Kivumo kwa pikipiki. Wenye njaa wanashusha vioo, Bi Nakijwa anawauzia ndizi za kuchoma pale kwenye karavati, kidaraja kilicho chini kidogo ya kona. Mwenye maparachichi anauza, mwenye asali anauza. Kijiji kizima kinakula.

Sasa lori gani hilo linalokata ekseli kila Jumamosi, na Jumatatu halikati? Na mbona jioni likiondoka haliachi hata tone la oili? Sisemi kitu. Nauliza tu.

Jumamosi moja, foleni imekaza kweli kweli, mtoto akapiga kelele kichakani juu ya kona. Ni Namsifu, binti wa Mzee Senzota, darasa la pili. Kifutu kamgonga mguuni. Mzee Senzota akamtoa mbio kamkumbatia, na mguu ulishaanza kujaa.

Hapo Kiriwa hakuna zahanati ya maana. Dawa ya sumu ya nyoka iko Njiapanda. Na Njiapanda iko chini ya foleni.

Mzee Senzota alikuwa na mtamba, mweusi, mwenye baka jeupe usoni, ana mimba yake ya kwanza. Kijiji kizima walikuwa wanammezea mate. Akasimama katikati ya lami, akapaza sauti:

"Atakayemfikisha mwanangu hospitali akiwa hai, mtamba wangu ni wake! Mungu anasikia, na nyie mmesikia!"

Kirita akasema, "Panda mzee."

Wakapiga mshikaki, Kirita mbele, mtoto katikati, mzee nyuma kamshika. Wapo wanaosema pikipiki ya Kirita ilikuwa inanguruma kabla mzee hajataja mtamba. Wapo wanaosema ilinguruma baada. Mimi sikuwepo.

Upande wa kushuka ulitakiwa uwe wazi, si ndiyo? Magari yanapanda, hayashuki. Lakini nao watu wa mjini ni watu. Alikuwepo mmoja, Bwana Kahangwa, ana gari kubwa jeupe, kachoka kusubiri, akatanua. Akahamia upande wa wanaoshuka apite wenzake wote. Wenzake kuona hivyo, na wao wakatanua, wakamfuata mkiani. Lile gari jeupe likaja kukutana na lori la viazi linashuka kutoka juu, pale pale kwenye karavati. Basi. Mbele huendi, nyuma hurudi. Barabara nzima ikafungwa kama chupa na kizibo.

Kirita akashuka kwa kupita ukingoni mwa mtaro, anakwepa vioo, anakwepa milango, anatukana, anaomba radhi, anatukana tena. Kufika kwenye karavati, ukingo umeisha. Akajaribu kupita juu ya kikuta cha karavati. Tairi likateleza. Wakati wanaanguka, Kirita akajigeuza hewani, akamkumbatia mtoto, akatangulia yeye. Mtoto hakuchubuka. Mkono wa Kirita ukalia kama ukuni unaovunjwa.

Akatoka mtaroni anaburuta mkono, akagonga kioo cha gari jeupe.

"Bosi, tusaidie, mtoto kagongwa na nyoka! Rudi nyuma tupite, au umpeleke wewe."

Bwana Kahangwa akashusha kioo kidogo tu, kiasi cha vidole viwili. "Mtoto huyu mmemkodi kwa nani?"

"Bosi!"

"Nyie watu nawajua. Jumamosi iliyopita mlituambia kuna maiti inapita. Tukapisha, tukavua na kofia. Ikapita pikapu ya ndizi."

Mama mmoja kwenye gari la nyuma akadakia, "Msifungue milango jamani! Ndivyo wanavyoiba!"

Na mwingine, "Tukirudi nyuma nafasi zetu zinachukuliwa. Huo ndio mchezo wao."

Mzee Senzota akamuinua mtoto juu, akapita anamwonyesha dirisha kwa dirisha. "Mtamba wangu! Nasema nampa mtu mtamba wangu!" Vioo vikawa vinapanda. Mtu akigawa mtamba barabarani na yeye anashukiwa. Namsifu macho yalishaanza kulegea.

Hapo ndipo Bi Nakijwa akaacha ndizi zake zinaungua. Akasimama mbele ya lile gari jeupe, mikono kiunoni.

"Nisikilizeni! Hakuna lori lililokata ekseli."

Vioo viwili vitatu vikashuka.

"Hakuna, na halijawahi kuwepo. Majani tunaweka sisi. Na akili hiyo niliitoa mimi Nakijwa. Lami ilipokuja mkawa mnatupita vuu, hata maji hamnunui. Nikawaambia wenzangu, tukate majani. Nipigeni, lakini baadaye. Lori ni la uongo, maiti ilikuwa ya uongo. Huyu mtoto ni wa kweli."

Na wakamwamini! Ndiyo maajabu yenyewe. Mzee kalia, hawakuamini. Kirita kavunjika, hawakuamini. Mama kasema "mimi ni mwongo," wakaamini. Mtu aliyejitia kitanzi mwenyewe hana haja ya kukudanganya rangi ya kamba.

Watu wakapanda mbio kwenye kona, wakayazoa majani, wakayatupa korongoni. Upande wa kupanda ukaanza kutembea. Waliotanua wakajichomeka humo mmoja mmoja, hawa wanapisha, hawa wanafyonya. Mwanaume mmoja kabla hajaingia kwenye gari lake akalipiga teke jiko la Bi Nakijwa. Jiko, ndizi, mkaa, vyote korongoni.

Bwana Kahangwa akafungua mlango. Kwenye gari lake kulikuwa na watoto wake wawili na mabegi mpaka dirishani. Akawashusha, akamwambia Bi Nakijwa, "Kaa nao." Akawapakia Namsifu na baba yake. Kugeuza gari pale haiwezekani. Akashuka kinyumenyume. Kichwa nje ya dirisha, korongo chini ya kidevu chake, gari linajikwaruza kwenye kingo, kona baada ya kona, mpaka akapata pa kugeuzia.

Walifika. Mtoto alichomwa dawa. Daktari akasema, "Mngechelewa kidogo tu, sasa hivi tungekuwa tunaongea mengine."

Namsifu akapona. Na mtamba akaanza kugombaniwa.

Jumapili moja wote wakakutana uani kwa Mzee Senzota. Mtamba kafungwa pale, anatafuna zake. Namsifu kakaa kwenye mkeka, mguu umefungwa bandeji. Mzee kashika kamba, na namna alivyoishika ungedhani anaogopa kamba itamkimbia.

Kirita akaanza, mkono umening'inizwa shingoni kwa kitambaa. "Mzee, bila mimi mtoto angefia hapa hapa kwenye kona. Wengine walikuwa wanapiga mayowe, mimi nilipiga kiki. Nimevunja mkono, pikipiki imepinda uma, sina kazi. Mtamba ni wangu."

Bwana Kahangwa akamwangalia. "Na bila wewe nisingesimama. Si ni wewe na kitambaa chako? 'Lori limekata ekseli, bosi.' Sauti yako naiota usiku. Umemzibia mtoto njia, halafu unadai zawadi ya kuizibua!"

"Nilitumwa na kijiji!"

"Na mkono umetumwa na nani kuvunjika?"

Kirita akageuza uso, taya zinatafuna.

Bwana Kahangwa akaendelea. "Bila mimi, mtoto angefia kwenye karavati. Nimeshuka mlima kinyumenyume. Gari limekwaruzika ubavu mzima. Na watoto wangu niliwaacha barabarani, mikononi mwa mtu aliyetoka kusema kwa mdomo wake kwamba ni mwongo. Nani hapa anaweza kufanya hivyo?"

Bi Nakijwa akacheka, cheko la pembeni. "Watoto wako walikula ndizi za nyumbani kwangu, baba, na hawakuuliza kama ni za uongo. Haya, niambie. Nani alitanua wa kwanza? Sisi tulifunga upande wa kupanda. Wa kushuka uliufunga wewe. Bila wewe, Kirita angefika Njiapanda na mkono wake mzima."

"Nilitanua kwa sababu mlinidanganya!"

"Wangapi tuliwadanganya wakatulia kwenye mstari?"

Halafu tujiulize na hili. Mtu mwenye gari kama lile anataka mtamba wa nini? Atamfunga kwenye kapeti? Labda anataka haki. Labda anataka wa Kiriwa wamwone anaondoka na kitu chao. Sisemi kitu. Nauliza tu.

Bi Nakijwa akasema la kwake. "Bila mimi, mngekuwa mnagombania maneno ya kaburini. Mlikuwa na pikipiki, mlikuwa na gari, na mtoto alikuwa anakufa katikati yenu. Neno langu ndilo lililofungua njia. Na limenigharimu. Jiko sina. Jumamosi zimekufa, magari yanapita vuu kama mwanzo. Bombani wenzangu wananipa mgongo, wananiita msaliti. Mtamba ni wangu."

Kirita akaruka. "Mama mkubwa, nakuheshimu. Lakini moto uliuwasha wewe! Majani yalikuwa akili yako. Aliyechoma nyumba anapewa zawadi kwa kuleta ndoo?"

"Na wewe uliyekuwa unachochea kuni, mwanangu?"

Mzee Senzota akaona mwanya. Akakohoa. Akaivuta kamba kwake kidogo. "Jamani, nimewasikiliza. Naona kila mmoja wenu ana mkono kwenye ugonjwa na mkono kwenye dawa. Mimi nilisema nitampa aliyeniokolea mtoto. Sikusema nitampa aliyemponza. Kwa hiyo, kwa maoni yangu, mtamba abaki tu hapa mpaka..."

"Mpaka lini?" Kirita akauliza.

"Mpaka Mungu atuonyeshe."

Bwana Kahangwa alikuwa anamwangalia mzee jicho la chini chini. Akachuchumaa mbele ya mkeka, akamuuliza Namsifu kwa upole, "Mwanangu, siku ile kichakani ulifuata nini?"

Mzee Senzota akasema haraka, "Mtoto amechoka huyo, mwache."

Namsifu akasema, "Nilifuata majani."

"Ya mbuzi?"

"Ya barabarani. Tunakata kwa zamu, nyumba kwa nyumba. Siku ile zamu ilikuwa ya kwetu. Baba aliniambia, yaliyopo yamenyauka, watu wa mjini watashtuka. Nenda kaongeze mabichi."

Wote wakamgeukia Mzee Senzota. Mtamba peke yake ndiye aliyeendelea kutafuna.

Ndipo mama yake Namsifu, aliyekuwa jikoni muda wote anasikiliza, akatoka na mwiko mkononi. Hakumwangalia mumewe.

"Mmemaliza? Huyu anasema bila mimi, huyu naye bila mimi. Mguu uliojaa ni wa nani? Nyie wote mlikula foleni, na aliyelipa ni huyu hapa. Mtamba ni wa Namsifu. Akizaa, maziwa ni yake."

"Mama Namsifu," Mzee Senzota akasema kwa sauti ndogo, "mtamba wa Namsifu si ndiyo mtamba wa kwangu?"

"Ndiyo!" Kirita akapiga kelele. "Mnaona janja yao? Mtamba anatoka mlangoni, anarudi kwa dirishani!"

Mama akamgeukia. Ukimwangalia machoni yule mama, utaapa anasema kutoka moyoni. Ukiiangalia kamba iko mkononi mwa nani, hutaapa.

Basi wakasimama hivyo, jua linawachoma. Kirita kanyoosha mkono wake mmoja mzima. Bi Nakijwa kanyoosha mkono wenye makovu ya makaa. Bwana Kahangwa kanyoosha mkono wenye saa. Mama kamshika Namsifu bega. Na mzee aliapa mbele ya Mungu na mbele ya watu, lazima kamba iende mahali kabla jua halijazama.

Aliyebeba alifunga njia. Aliyeendesha alifunga njia. Aliyesema kweli ndiye aliyeubuni uongo. Na aliyeapa ndiye aliyemtuma mtoto kichakani.

Haya, nyie mliokaa hapa mnanitolea macho. Ungekuwa wewe ndiye Mzee Senzota, kamba ungempa nani? Je, nani alistahili mtamba yule? Na anayejibu haraka haraka, atuambie kwanza: yeye Jumamosi huwa yuko upande gani wa foleni?