Mgongo wa Mgema Mkadam

Paukwa!

Pakawa!

Ah, hiyo ni sauti ya watu wenye njaa. Paukwa, nasema!

Pakawa!

Haya, sogeeni. Zamani hizo babu zenu hawajajua hata kutambaa, palikuwa na mgema mmoja kijijini, jina lake Mkadam. Alipanda mnazi kwa-kwa-kwa, akagema, akashuka kwa-kwa-kwa. Siku moja akapanda kwa-kwa-kwa, akashuka puu! Nyonga ikavunjika.

Kijiji kile kilikuwa na adabu, jamani, adabu mpaka za kuumiza. Mtu hampi mgeni mgongo, hata akiwa mgonjwa. Basi Mkadam akalazwa chali, mito kichwani, uso kwenye mlango wa mbele, apate kuitikia wageni.

"Hodi!" "Karibu." Chali.

"Hodi!" "Karibu." Chali.

Siku tano, siku kumi, siku ishirini. Chali!

Mkewe, Bi Mashavu, alimpenda sana. Akakataza mtu yeyote asimguse mumewe, asije akamtonesha. Akamnywesha uji mwepesi, basi. Siku ya ishirini na moja akasikia harufu, akafunua shuka. Lo! Penye mfupa wa mkia pana kidonda cha kuingia ngumi. Visigino vimeiva vyeusi. Na homa ile, ungekaangia yai.

Akaitwa Mbaruku mganga. Akanusa, akatikisa kichwa. "Huyu analiwa na jini. Leteni jivu nimpake."

Bi Mashavu akaona eda inamjia. Akatoka mbio, kanga moja mkononi, hadi kwa Bibi Sikudhani, mkunga wa kijiji, kibibi kifupi chenye maneno marefu.

Bibi Sikudhani akaja, akatazama kidonda, akagusa pembeni kwa kiganja. Kisha akateleka chungu cha maharage jikoni, akavuta mbuzi ya kukunia nazi.

"Mwanangu Mbaruku, keti hapa. Usikune kitu. Keti tu, usijisogeze hata kidogo, mpaka maharage yangu yaive."

Mbaruku akacheka. Kazi gani hiyo! Akaketi. Chungu kikachemka, tokotoko-tokotoko. Mbaruku akakunja uso. Tokotoko-tokotoko. Akainua tako moja, kidogo tu.

"Aa-aa! Tulia!"

Tokotoko-tokotoko. Jasho likamtoka. Mwisho akaruka juu. "Bibi, makalio yanawaka moto!"

"Maskini. Jini kakuuma?"

Watu wakacheka, hata Mkadam kitandani akatabasamu.

"Hakuna jini," Bibi akasema. "Ubao chini, mfupa juu, nyama imebanwa katikati, damu haipiti. Wewe ulijiinua. Mkadam hawezi. Amebanwa siku ishirini na moja."

Bi Mashavu akaanguka chini. "Mimi ndiye niliyekataza asiguswe! Nimemuua mume wangu!"

"Bado hajafa. Inuka, chemsha maji."

Wakachemsha maji, wakatia chumvi, yakapoa. Bibi akaosha kidonda, akaondoa nyama iliyokufa, akafunika kwa kitambaa safi. Jivu akamrudishia Mbaruku. Akaamuru samaki, mayai, maharage, maana nyama mpya haioti kwa uji mtupu. Shuka likilowa, libadilishwe papo hapo. "Na kila muda wa chungu kimoja cha maharage, mgeuzeni. Msimburute. Mnyanyueni kwa shuka. Mto katikati ya magoti, visigino vining'inie."

"Bibi," Mkadam akasema kwa sauti ndogo, "wageni je? Niwape mgongo? Bora nife na adabu yangu."

Alisema kweli yule, si mzaha.

"Nyumba hii ina milango mingapi?" Bibi akauliza.

"Miwili. Wa mbele na wa uani."

"Basi leteni kitanda katikati. Akilalia kushoto, anatazama mbele, wageni waingie mbele. Akilalia kulia, anatazama uani, wageni wazunguke!"

Ndiyo ikawa hivyo. "Hodi!" "Zunguka!" Wageni wakazunguka nyumba, tapu-tapu-tapu, wazee kwa bakora zao. Wafika uani: "Kageuzwa sasa hivi, rudini mbele!" Tapu-tapu-tapu. Usiku Bi Mashavu na dada zake wakapokezana. Homa ikashuka. Kidonda kikajaa kutoka chini, polepole, miezi minne, kikafunga. Mkadam akasimama kwa mkongojo, mnazi akauangalia kwa mbali tu.

Miaka ikapita. Bibi Sikudhani naye akazeeka, akaanguka kitandani, mwaka mzima hajiwezi. Bi Mashavu akamgeuza. Akamgeuza, akamgeuza, na kila asubuhi akampapasa visigino, nyonga na mgongo: pana joto? Pamekuwa pagumu? Pameiva rangi isiyoondoka? Akiona hivyo hapasugui, hamlazi hapo tena mpaka papoe. Siku ya siku Bibi akafariki. Wanawake wakaingia kumwosha. Wakatoka wanalia, huku wanasema, "Mwaka mzima kalala, na mgongo wake mzima, laini, hauna hata alama." Bi Mashavu alilia kuliko wote, lakini hakuinamisha kichwa.

Basi shikeni hili: mgonjwa haheshimiwi kwa kuachwa atulie, huheshimiwa kwa kugeuzwa. Mimi nimemaliza yangu. Aliye na mgonjwa nyumbani asiningoje niseme mara ya pili, ainuke akamgeuze.