Fundi na Nyuzi za Kwenye Beseni

Wapendwa, anayesinzia aguswe na mwenzake.

Fundi mmoja wa mashine za hospitali alikuwa bingwa, na alijua kwamba ni bingwa. Siku hiyo aliandaa ultrasound ya kuongozea sindano kwenye ini la mama mmoja aliyelala chumba cha pili. Kwenye kipimio, kile kinachopitishwa juu ya ngozi, alifunga kifaa kinachoiambia kompyuta mkono uko wapi, ili picha bapa ziungane kuwa ini zima. Kikikosea, sindano inaingia pasipo pake.

Ili kuhakikisha, alitumbukiza kipimio kwenye beseni la maji lenye nyuzi mbili zilizopishana. Kwenye skrini nyuzi zikakutana palepale zilipofungwa. Akarudia, palepale. Akajifuta mikono kama mpishi wa harusi.

"Umepimia upande gani?" akauliza daktari, mwanamke asiye na haraka.

"Huu huu, dokta. Mashine hii naijua kuliko ninavyomjua mke wangu."

"Pole yake shemeji. Hebu zunguka upande wa pili."

Fundi alichemka. Yeye wa kuzungushwa? Akazunguka ili amnyamazishe tu. Lo, nyuzi ambazo hakuna aliyezigusa zilionekana zimehama upana wa kidole.

Daktari hakuona, alikuwa ameitwa mlangoni. "Vipi, fundi, tuanze?"

Ungekuwa wewe, ungejibuje?

Fundi akakitoa kipimio majini. "Msianze. Mashine inadanganya, na mimi ndiye niliyeifundisha uongo. Mama asubiri."

Akaanza kuirekebisha upya, akipima upande huu na upande ule, mpaka nyuzi zikatulia kotekote. Sindano ikaingia panapotakiwa, na fundi akatoka kifua mbele. Mnadhani alijivunia umahiri? Umahiri ulikuwa umemwangusha asubuhi ileile. Alijivunia kwamba hakuna aliyemwona, na bado alisema.

Sasa sisi. Sisi hujipima upande ule tunaosifiwa. Hapa ibadani tumenyooka, sauti laini, mikono juu. Je, nani amewahi kujipimia upande wa jikoni kwake? Upande wa dada wa kazi? Upande wa mpangaji anayekukwepa kwenye korido? Msinitazame hivyo, sikutaja jina la mtu.

Leo ukifika nyumbani, mwulize mmoja anayekuona kutoka upande huo: "Mimi nikoje?" Akianza kukujibu, funga mdomo, umsikilize mpaka amalize.